Kabla ya Kung'oa Dashibodi: Kusoma Ugonjwa wa Geji kwenye Land Rover ya Zamani

Mshale wa mafuta umelala kwenye E na tangi limejaa. Au wa joto umepanda hadi kwenye nyekundu na injini haijamaliza hata dakika tatu tangu iwashwe. Wengi hapo hukimbilia dukani kutafuta geji nyingine. Wakiifunga, mshale unalala palepale ulipolala wa kwanza. Pesa imekwenda, na sasa kuna waya umechomoka nyuma ya paneli ambao jana ulikuwa mahali pake.

Kwenye gari la zamani, geji yenyewe ndiyo ya mwisho kushukiwa. Ndani yake hakuna vitu vingi vya kufa. Kinachokufa ni vile vinavyoilisha na kuiambia la kusema: umeme unaoingia, athi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari), waya mrefu unaopita chini ya gari kwenye matope, na floti iliyozama kwenye mafuta miaka arobaini. Mshale hupokea lawama za hao wote.

Nitalishika gari moja ili tusiongee hewani: Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Nyingi za Kenya ziliunganishwa Thika, na hadi leo utazikuta mashambani, kwenye misheni na porini. Geji zake ni za Smiths, na mfumo wake ndio uliokuwa kwenye magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule. Toyota nitaigusa pale inapotofautiana.

Geji hizi ni pasi ndogo

Geji ya mafuta na ya joto kwenye Series III hazifanyi kazi kwa sumaku. Ndani kuna ukanda mwembamba wa metali mbili zilizoshikanishwa, umezungushiwa waya laini. Umeme ukipita, waya unapata moto, ukanda unajipinda, na mshale unasukumwa. Umeme ukizidi, mshale unapanda, ukipungua, unashuka. Basi.

Kutokana na hilo unapata dalili mbili za bure. Ya kwanza: mshale mzima hupanda polepole. Ukifungua swichi ya funguo, unatambaa kwa sekunde ishirini au thelathini kabla ya kutulia. Ukiona unaruka papo hapo kama wa pikipiki, basi kuna mtu alishabadilisha geji akaweka ya aina nyingine, na hesabu zote zinazofuata hapa hazitakufaa. Ya pili: waya ukikatika popote, mshale hulala chini, kwenye E ya mafuta au kwenye C (baridi) ya joto. Waya ukichubuka na kugusa bodi, mshale hupanda mpaka mwisho. Kwa hiyo tangi lililojaa na mshale ulio E ni waya uliokatika au athi iliyokufa. Tangi tupu na mshale ulio F ni waya unaogusa chuma mahali fulani. Hujashika bisibisi bado, na umeshagawa tatizo mara mbili.

Kazi ya floti, ambayo mafundi wengine huiita senda, ni kuzuia au kuachia umeme. Uzuiaji huo hupimwa kwa omu: omu nyingi, umeme kidogo. Kwenye Series III, tangi tupu huwa takriban omu 240, tangi lililojaa takriban omu 20. Senda ya joto hufuata mkondo uleule: ikiwa baridi ina mamia ya omu, ikiwa moto hushuka hadi makumi.

Sasa, kama geji hupima kwa joto la waya, betri ikipanda kutoka volti 12 hadi 14 baada ya injini kuwaka, mshale nao ungepanda bila mafuta kuongezeka. Ndiyo maana Smiths waliweka katikati kidude kidogo cha bati: stebilaiza.

Zikiugua mbili pamoja, usiziguse

Hapa ndipo panapopotea pesa nyingi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Stebilaiza hupokea umeme wa betri na kuutoa kwa vipande: inawasha, inazima, inawasha, inazima, ili wastani wake uwe kama volti 10. Ndani yake nako kuna ukanda wa metali mbili wenye kipasha joto. Geji ya mafuta na ya joto zote mbili hunywa kutoka kwenye kisima hiki kimoja. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa kwa gari lolote la aina hii ni hili: je, ni moja inayokosea, au ni zote mbili?

Ikiwa ni moja tu, stebilaiza iko salama. Tafuta kwenye waya na senda ya hiyo moja.

Ikiwa zote mbili zimelala chini, stebilaiza haitoi kitu, au haipati kitu. Angalia kwanza kama indiketa na taa za breki nazo zimekufa. Zikiwa zimekufa, ni fyuzi ya nyaya za kijani, na kazi imeisha. Ila neno moja kuhusu fyuzi: ile ya kioo ya Lucas iliyoandikwa 35 hubeba ampia 17 tu muda wote, 35 ndiyo kiwango cha kuungua. Ukiweka ya kisasa iliyoandikwa 35 umeweka kitu chenye uvumilivu mara mbili, na siku waya ukishika bodi, utakaoungua ni waya wenyewe.

Ikiwa zote mbili zinasoma juu, tangi linaonekana limejaa kuliko ukweli na injini inaonekana ya moto kila siku, stebilaiza inapitisha volti zote za betri bila kukata. Sababu inayotokea sana si kufa kwa stebilaiza, bali kukosa athi. Stebilaiza hupata athi kupitia bati lake, pale inaposhikwa kwa skurubu. Skurubu ikishika kutu, au mtu akipaka rangi chini yake, kipasha joto cha ndani hakipati mzunguko, ukanda haupindi, na umeme unapita mfululizo. Watu wameshabadilisha rejeta na wota pampu kwa ajili ya skurubu hiyo moja.

Usibahatishe, pima. Tenganisha betri, legeza skurubu za paneli ya geji, chomoa kebo ya spidi kwa nyuma, kisha ivute paneli kwako taratibu. Rudisha betri. Kwa nyaya, rangi ni hizi:

kijani kitupu: umeme kutoka fyuzi, unaingia stebilaiza kwenye kichwa kilichoandikwa B;
kijani kibichi hafifu chenye mstari wa kijani: umeme uliotulizwa, unatoka kwenye kichwa kilichoandikwa I kwenda kwenye geji zote mbili;
kijani chenye mstari mweusi: kutoka geji ya mafuta kwenda tangini;
kijani chenye mstari wa bluu: kutoka geji ya joto kwenda kwenye senda ya injini;
nyeusi: athi.

Hivyo ndivyo zilivyotoka kiwandani. Gari likishapita mikononi mwa mafundi watano, rangi huwa ni mapendekezo tu, kwa hiyo fuata waya kwa mkono kabla ya kuuamini.

Chukua balbu ndogo ya dashibodi, ile ya volti 12 wati 2.2, iunganishe na nyaya mbili zenye vibanio. Kibanio kimoja kwenye athi nzuri, kingine kwenye I. Fungua swichi. Mwanzoni balbu itawaka kwa muda, kisha itaanza kukonyeza. Ikikonyeza, stebilaiza ni nzima. Ikiwaka bila kukata hata baada ya dakika moja, shika waya kutoka bati la stebilaiza hadi nguzo hasi ya betri: ikianza kukonyeza, umepata athi mbovu. Ikiendelea kuwaka, viguso vya ndani vimeganda. Isipowaka kabisa na B ina volti 12, imekufa. Napendelea balbu kuliko mita ya tarakimu kwa kazi hii. Mita itakuchezea namba kutoka sifuri hadi kumi na mbili na hutajua umeona nini.

Ukinunua stebilaiza nyingine ya aina ileile, angalia alama ya upande wa juu. Ile ya ukanda inataka kufungwa ikielekea sawa, kwa sababu joto hupanda, na ukiigeuza kichwa chini wastani wa volti hubadilika.

Stebilaiza isiyo na ukanda

Mimi singeweka ya ukanda tena. Kuna kidude cha elektroniki chenye miguu mitatu kinachoitwa 7810. Kinapatikana kwa mafundi redio, Luthuli Avenue kwa walio Nairobi, Kariakoo kwa walio Dar es Salaam, na bei yake ni ndogo. Ukikitazama upande wenye maandishi, miguu ikiwa chini, wa kushoto ni kuingia, wa kati ni athi, wa kulia ni kutoka. Ongeza kapasita ya maikrofaradi 0.33 kati ya kuingia na athi, na ya 0.1 kati ya kutoka na athi, karibu na miguu yenyewe. Kipande cha bati kilicho mgongoni kimeungana na mguu wa kati, kwa hiyo kinafungwa moja kwa moja kwenye chuma cha gari bila kutengwa. Na lazima kifungwe kwenye chuma: geji mbili huvuta takriban robo ampia, na volti 4 za ziada zinageuka kuwa joto la kama wati moja. Si nyingi, lakini kikining'inia hewani kitajikata.

Wanaopenda gari lionekane la asili hufungua kopo la stebilaiza ya zamani, hutoa matumbo yake na kupachika 7810 humo ndani.

Kina dosari moja. Kinahitaji kiasi cha volti 2 juu ya zile kinazotoa. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, na nyaya za zamani zimeshakula nusu volti njiani, mishale inaweza kusoma chini kidogo mpaka alteneta ianze kuchaji. Kama hilo litakukera, tafuta LM2940 ya volti 10, ambayo huhitaji nusu volti tu ya ziada. Ila hiyo ni lazima iwe na kapasita ya angalau maikrofaradi 22 upande wa kutoka, la sivyo haitulii. Na kama una Series II au IIA ya kabla ya 1967, ile ambayo chanya ya betri ndiyo imeshika bodi, usijaribu lolote kati ya haya mpaka uwe umegeuza mfumo.

Mafuta

Geji ya mafuta peke yake imekosea. Anza tangini, si kwenye dashibodi. Kwenye 88, ile Series III fupi, tangi liko chini ya kiti. Kwenye 109, ile ndefu, ya abiria, liko nyuma. Chomoa waya wa kijani na nyeusi kutoka kwenye senda, swichi ikiwa wazi. Mshale ulale E. Usipolala, waya umechubuka njiani, tafuta unapopita kwenye chasisi.

Ukilala, sasa mdanganye mshale. Watu wengi hushika waya huo wakaugusisha kwenye bodi moja kwa moja. Mshale utapanda, kweli, lakini utapita F na kugonga mwisho, na ukiuacha hapo unapinda ukanda wa ndani. Tumia rezista (vidude vya kuzuia umeme kwa kiasi maalumu) tatu za wati 1: omu 22, omu 68 na omu 220. Weka moja kati ya waya na athi, subiri nusu dakika. Ya 22 ikupe karibu na F, ya 68 karibu na nusu, ya 220 karibu na E. Zikitii zote tatu, geji, waya na stebilaiza viko salama, na ugonjwa uko kwenye senda au athi yake.

Athi kwanza, kwa sababu ni bure. Unganisha waya kutoka bati la senda hadi nguzo hasi ya betri. Mshale ukiamka, tangi limetengwa na chasisi na kutu, rangi au mipira. Pwani, ambako hewa yenyewe ina chumvi, hii hutokea kuliko kitu kingine chochote. Sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga waya mpya wa athi kwa bolti, paka grisi juu. Juu, si kati ya chuma na chuma.

Mshale usipoamka, senda inatoka. Tenganisha betri kwanza, fanya kazi nje, tangi likiwa chini ya nusu, na mwenye sigara akae mbali. Zile zenye pete ya kuzungusha, gonga pete kwa kipande cha mti mgumu au shaba. Chuma kwa chuma hutoa cheche, na mvuke wa petroli hauna mzaha.

Ikishatoka, shika mita kwenye omu, sogeza mkono wake polepole kutoka chini hadi juu. Mita ya mshale inafaa zaidi hapa. Unataka mwendo laini kutoka kama 240 hadi kama 20. Ukiona mahali inaruka au inapotea kabisa, waya wa ndani umelika. Hulika pale mkono unapokaa muda mrefu, na gari linalotiwa lita tano tano kila asubuhi hulika chini, robo ya mwisho, yaani palepale unapoihitaji geji zaidi. Uchafu unaweza kuoshwa kwa spiriti, na kidole cha shaba kinachoteleza juu ya waya kinaweza kukunjwa kidogo kishike vizuri. Waya uliokatika haurudi.

Tikisa na boya. Ukisikia kimiminika kikicheza ndani, limepasuka na limekunywa mafuta. Halielei tena na mshale unabaki karibu na E. Lizamishe kwenye maji ya moto uone mapovu yanatokea wapi. Kulichomelea lehemu likiwa na mafuta ndani ni kuchezea bomu. Nunua jingine.

Na onyo kwa wanaonunua senda ya kubahatisha: nyingi za Kimarekani ni omu 240 tangi tupu na 33 likijaa, karibu na yetu. Lakini zile za kampuni ya VDO huanzia 10 tupu kwenda 180 likijaa, kinyume kabisa. Ukifunga hiyo, mshale utapanda kadiri unavyoishiwa.

Joto

Hapa vipimo ni vilevile, kwa waya wa kijani na bluu na rezista zilezile, kwa kuwa geji ya joto na ya mafuta zina moyo wa aina moja. Undugu huo unakupa hila nyingine: badilisha nyaya za senda mbili nyuma ya paneli. Tatizo likihamia geji ya pili, kosa liko kwenye waya au senda. Likibaki kwenye geji ileile, hapo ndipo, hatimaye, una haki ya kuilaumu geji.

Senda ya joto hupata athi kupitia nyuzi zake zilizokazwa kwenye injini. Mkanda mweupe wa mafundi bomba ukizungushwa kwa wingi hapo, mshale husoma baridi maisha yake yote. Senda hizi hazihitaji mkanda. Kama ina washa ya shaba, washa mpya inatosha.

Ukitaka kuipima, ining'inize kwa waya kwenye sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, waya mmoja wa mita kwenye bati lake, mwingine kwenye kichwa. Omu zishuke taratibu maji yanavyopata moto, bila kuruka. Weka kipimajoto humo. Usiseme tu "maji yamechemka, basi ni 100". Mombasa na Dar ni kweli karibu 100, lakini Nairobi, iliyo kama mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye takriban 94.

Kuna hali mbili ambapo mshale unasema kweli na dereva ndiye anayekataa. Moja ni gari lililotolewa themostati, vali inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate moto. Fundi aliitoa mwaka fulani injini ilipochemka, hakuirudisha, na sasa mshale hauvuki robo barabara ya mteremko. Geji haina kosa. Injini ni baridi kweli, inakunywa mafuta zaidi, na inalika. Ya pili ni hatari. Senda hupima maji, haipimi chuma. Maji yakiisha, senda inabaki kwenye hewa, na mshale uliokuwa juu unashuka ghafla. Dereva anapumua, anasema imepoa. Mshale ukipanda sana halafu ukaanguka wakati unapanda mlima, simama hapo hapo. Hiyo si nafuu, ni rejeta tupu, na silinda hedi ina dakika chache.

Spidi

Hii haina umeme. Kebo inatoka kwenye gia boksi ndogo na kuzungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini. Mshale ukicheza kushoto na kulia kwa mwendo mdogo, kebo imekauka au imekunjwa mno. Isipinde kwa duara la nusu kipenyo chini ya sentimita 15. Vuta waya wa ndani, ufute, upake grisi nyepesi kidogo, lakini sentimita 20 za mwisho upande wa geji ziache kavu. Grisi hupanda kwa mzunguko, ikiingia kwenye kikombe mshale unanata na geji imekwisha. Waya wa ndani uchomoze kama milimita 10. Mfupi zaidi hauingii vizuri kwenye tundu, mrefu zaidi unasukuma geji mpaka iharibike.

Kabla ya kusema spidomita inadanganya, tazama matairi. Gari lililozaliwa na 205R16 na sasa linavaa 235/85R16 limepata tairi kubwa kwa zaidi ya asilimia 8. Mshale ukisema 80, unakwenda karibu 87. Na ukinunua spidomita iliyotumika, soma namba ndogo chini ya uso wake: ni mizunguko ya kebo kwa maili au kwa kilomita, na lazima ilingane na ya kwako. Za Kijapani zilikubaliana namba moja, mizunguko 637 kwa kilomita, na ndiyo maana zinabadilishana kirahisi.

Taa zinazoiga ugonjwa

Taa ya oili ikiwaka injini ikiwa moto na iko sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), wengi hubadilisha swichi ya oili na kuendelea na safari. Swichi hufa, ni kweli. Lakini kabla ya kuamini, ing'oe, funga geji ya presha yenye bomba mahali pake, na usome. Injini ya petroli ya lita 2.25 ikiwa moto na kwenye mizunguko 2,000 inatakiwa itoe kati ya psi 35 na 65. Waya wa swichi hii ni mweupe wenye mstari wa kahawia, na ukigusa bodi popote, taa itawaka hata injini ikiwa na presha ya kutosha.

Taa ya chaji ni sehemu ya mzunguko wa kuamsha alteneta. Balbu ikiungua, alteneta inaweza isianze kuchaji kabisa mpaka uikimbize injini. Ukiweka balbu ya LED mahali pake, ni vilevile kama umeitoa.

Mishale ikitikisika unapowasha taa kubwa, au ikifuata mdundo wa indiketa, ni athi ya paneli. Weka mita kwenye volti, waya mmoja kwenye bati la geji, mwingine kwenye nguzo hasi ya betri, washa taa zote. Zaidi ya volti 0.2 ni kubwa mno. Waya mweusi mpya wa milimita 2.5 za mraba kutoka paneli hadi bolti safi ya bodi humaliza mambo mengi ambayo watu huyapa majina makubwa.

Ukiwa na Toyota

Land Cruiser FJ40 na BJ40 nazo zina geji za joto la waya, ila stebilaiza yake imefichwa ndani ya geji ya mafuta na hutoa kama volti 7. Kwa hiyo mafuta na joto vikifa pamoja, fungua geji ya mafuta kwanza. Floti zake ni takriban omu 17 likijaa na 120 likiwa tupu, hivyo usiweke ya Land Rover. Badala ya rezista, Toyota hupimwa kwa balbu ya wati 3.4 kati ya waya wa senda na athi: balbu iwake, mshale upande.

Geji ya oili ya zile zenye senda ya ukanda huchanganya watu. Ukiipima kwa mita ya omu itakuambia upuuzi, kwa sababu inakata na kuunganisha. Pitisha umeme wa betri kwenye balbu hiyohiyo mpaka kwenye kichwa cha senda. Injini ikiwa imezimwa, balbu isiwake. Injini ikiwaka, balbu ikonyeze, na kukonyeza kubadilike ukikanyaga mafuta. Usiipe umeme bila balbu katikati, utaiunguza.

Kwenye Hilux na Corolla za baadaye, nyuma ya paneli kuna karatasi ya plastiki yenye mistari ya shaba badala ya nyaya. Nati za geji zikilegea kwa mitetemo, shaba hukosa mguso. Zikaze kwa vidole na robo mzunguko tu, na meno ya soketi yasugue kwa raba ya penseli, si msasa.

Ukishamaliza, usiamini herufi

F na E zilizochorwa kwenye uso wa geji ni makadirio. Baada ya matengenezo, punguza mafuta mpaka tangi libaki na kidogo, simamisha gari mahali tambarare, na utie lita tano tano kwa galoni. Kila mara subiri dakika nzima swichi ikiwa wazi, kisha weka alama ndogo kwenye utepe uliobandikwa pembeni ya kioo. Tangi la 88 ni lita 45, kwa hiyo ni kama alama tisa. Nyuma ya geji kuna matundu mawili ya kurekebishia mshale, moja kwa upande wa chini na moja kwa upande wa juu. Usiyaguse kama alama zako zinafuatana kwa mpangilio, hata kama hazilingani na F. Ukigundua kwamba mshale ukifika kwenye mstari wa E bado una lita sita, andika 6 hapo kwa kalamu isiyofutika na ufunge paneli.